Geti la Mtandaoni: Kwa Nini Duka Linakuuliza Uko Nchi Gani Kabla ya Kukuuliza Kama Una Pesa

Ukitaka kuelewa intaneti, njoo Membley. Huku karibu kila korti ina geti, na kila geti lina soja. Gari likifika, soja haangalii sura yako kwanza. Anaangalia namba ya gari. Akiijua, anafungua. Asipoijua, unaanza kuulizwa: unaenda nyumba gani, umeitwa na nani, andika jina kwa kitabu.

Sasa maduka mengi ya mtandaoni ya ng'ambo yako na soja kama huyo. Tofauti ni kwamba wa mtandaoni haulizi swali lolote. Anasoma namba yako, anaona umetoka Kenya, anafunga. Hakuna kujieleza, hakuna kumpigia simu mwenye nyumba.

Unaijua hiyo skrini. Umeona viatu mahali, umebonyeza linki, ukurasa unakuja mweupe na sentensi moja tu kwamba huna ruhusa ya kuingia. Ama duka linafunguka poa, unachagua, unajaza kikapu, halafu ukifika pale pa kuchagua nchi, orodha inatoka Kazakhstan inaruka moja kwa moja hadi Kuwait. Kenya haiko. Unafunga simu unasema, "Si ni mbali, bana."

Hapo ndipo nataka tubishane. Umbali haujawahi kuwa shida. Hii maneno ya kufungiwa ina historia, na ukiifuata utaona kitu kimoja: kila geti lilipofungwa, kuna mtu alikaa chini akapiga hesabu akaona pesa zetu hazitoshi kulipia usumbufu wetu. Na lilipofunguliwa, mara nyingi ni hesabu ilikuwa imebadilika, huruma haikuwemo.

Meli ilifika, treni ikafika

Tuanze nyuma kabisa. Mwaka wa 1871 maofisa wa jeshi la Uingereza walianzisha ushirika wao wa kununua vitu London, ukaitwa Army & Navy. Ulikuwa wa wanachama, yaani maofisa na familia zao, na ulikuja kuwa maarufu kwa katalogi nene. Mwingereza aliye koloni mbali huko alifungua kitabu, akaandika barua, na mzigo ukapakiwa kwa meli.

Huku kwetu njia ilikuwepo. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na tawi la kuja Thika likafunguliwa mwaka wa 1913, likipitia Ruiru. Sehemu hizi zilikuwa mashamba ya walowezi. Mzigo wa kutoka London ulichukua wiki nyingi baharini, ukashuka Mombasa, ukapanda treni, ukafika.

Kwa hivyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, bila simu, bila ndege za mizigo, duka la London liliweza kumuuzia mtu aliye kando ya reli ya Thika. Swali lilikuwa wewe ni nani. Kama ulikuwa mwanachama, ulimwengu wote ulikuwa mtaa mmoja. Mwafrika aliyebeba hilo sanduku kutoka stesheni hakuwa kwenye orodha. Shika hiyo picha, kwa sababu itarudi ikiwa imevaa nguo za kisasa.

Dunia ikagawanywa kwa namba

Ruka hadi mwaka wa 1997, DVD zinaanza kuuzwa Marekani. Kampuni za sinema zilikuwa na wasiwasi: filamu ikitoka Marekani leo na huku ifike kwenye kumbi miezi kadhaa baadaye, nani atalipia tiketi kama DVD tayari imefika? Wakagawanya dunia kwa maeneo yenye namba. Marekani na Kanada zikawa namba 1. Sisi Kenya tukawekwa namba 5, pamoja na India na Urusi. Diski ya namba 1 ukiiweka kwa mashine ya namba 5, inakataa.

Fikiria hiyo. Umenunua diski kwa pesa yako halali, umenunua mashine kwa pesa yako halali, na hivyo vitu viwili vinakataa kuongea kwa sababu ya mahali unapoishi. Nairobi ilijibu kwa njia yake: DVD zilizochomwa, za shilingi hamsini, ambazo hazikujua eneo lolote. Sisemi uharamia ni mzuri. Nasema mtu akifungiwa mlango wa mbele, mlango wa nyuma unapata wateja. Kampuni za sinema zilijijengea washindani kwa mikono yao.

Siku ambayo jaji alisema inawezekana

Kwenye intaneti yenyewe, mwanzoni watu waliamini hakuna mipaka. Tovuti ni tovuti, mtu wa Paris na mtu wa Githurai wanaona kitu kimoja. Hiyo imani ilipigwa kofi mwaka wa 2000, na kesi ilihusu soko la mtandaoni.

Kampuni ya Yahoo ilikuwa na sehemu ya mnada ambapo watu waliuziana vitu. Kati ya hivyo vitu kulikuwa na kumbukumbu za Wanazi, na sheria ya Ufaransa inakataza kuvionyesha hivyo kwa ajili ya kuuza. Mashirika mawili ya Ufaransa yakaenda kortini Paris. Yahoo ikajitetea kwamba iko Marekani na haiwezi kujua mgeni wa tovuti ametoka nchi gani.

Jaji Jean-Jacques Gomez akaita wataalamu, mmoja wao akiwa Vint Cerf, mmoja wa watu waliobuni mfumo wa intaneti. Wakakadiria kwamba karibu asilimia 70 ya wageni wa Ufaransa wangeweza kutambuliwa kwa anwani zao za IP, yaani ile namba ambayo kila kifaa hutumia kikiingia mtandaoni. Halafu kulikuwa na jambo dogo la aibu: Mfaransa akiingia kwenye tovuti ya Yahoo alikuwa anaonyeshwa matangazo ya Kifaransa. Yaani kwa kuuza matangazo walijua uko wapi, lakini kwa kutii sheria hawakujua.

Tarehe 20 Novemba 2000 jaji akaamuru Yahoo iwazuie Wafaransa, na mapema mwaka wa 2001 kampuni ikaondoa vitu vya aina hiyo kwenye minada yake. Kesi yenyewe ilikuwa na nia ya kueleweka. Lakini wafanyabiashara wa dunia nzima walisikia kitu kingine: kumbe mtu anaweza kusimamishwa getini kwa namba yake. Kifaa kilichotumika kuzuia bidhaa za chuki kikaja kuwa kifaa cha kumzuia msee wa Ruiru anayetaka raba.

Kwa nini sisi

Sasa swali ni kwa nini duka lifunge watu wenye pesa. Jibu liko kwa kadi na anwani.

Marekani kuna mfumo unaolinganisha anwani uliyoandika na ile iliyo benki. Namba ya nyumba na msimbo wa posta vikipatana, malipo yanapita. Mfumo huo umejengwa zaidi kwa benki za Marekani, Kanada na Uingereza. Sasa mimi nikiandika 00232, ambao ni msimbo wa Ruiru, una tarakimu tano kama za kwao, lakini mashine ikiutafuta haiupati. Na anwani yangu ya ukweli ni nini? "Shuka stage, fuata lami, geti la tatu, uliza soja." Mtu wa boda anaelewa vizuri sana. Kompyuta inaona mwizi.

Mwizi kweli yupo. Kadi zilizoibwa zilitumika sana kuagiza vitu mtandaoni, na duka ndilo mara nyingi lilibeba hasara. Njia ya haki ingekuwa kuchunguza kila oda. Njia ya bei rahisi ni kufunga nchi nzima. Nigeria iliumia zaidi: PayPal ilifungua huduma huko Juni 2014 tu, miaka mingi baada ya sehemu kubwa ya dunia. Nchi ya watu zaidi ya milioni 150 ilihukumiwa kwa ajili ya wachache.

Kuna kichekesho hapa. Kabla ya mwaka wa 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea sana setilaiti, na mara nyingine ukiingia mtandaoni namba yako ilionekana kama ya nchi iliyokuwa na kituo cha hiyo setilaiti. Ulikuwa Thika lakini mtandao unaamini uko Ulaya. Halafu mambo yakatengenezwa. Mwaka wa 2005 Afrika ikapata shirika lake la kugawa anwani za IP, AfriNIC, lenye makao Mauritius. Mwaka wa 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa. Kasi ikapanda, bei ikaanza kushuka, namba zikawa zetu. Na kwa sababu zilikuwa zetu, soja wa mtandaoni sasa alitutambua tukiwa bado mbali. Tulipewa sahani ya namba ya gari, na ndiyo ikatufungia geti.

Uchumi wa mlango wa nyuma

Kama enzi za DVD, watu hawakukaa tu. Mnigeria Chris Folayan, aliyekuwa akiishi Marekani, amesimulia jinsi jamaa zake walivyomwagiza vitu vingi kila aliposafiri nyumbani. Akatoa wazo la biashara humo, MallforAfrica. Unachagua kwenye duka la Marekani au Uingereza, wao wananunua kwa niaba yako, wanapokea, wanasafirisha. Mwaka wa 2019 DHL ilianzisha Africa eShop kwa kutumia mfumo huo huo, ikaanza na nchi 11, Kenya ikiwemo.

Nairobi nayo ikajaa mawakala wa mizigo. Wanakupa anwani ya stoo Marekani, mara nyingi jimbo la Delaware kwa sababu huko hakuna kodi ya mauzo. Mzigo unafika stoo, unapimwa kwa kilo, unapanda ndege, unalipa kwa M-Pesa, unauchukua tao. Ni akili sana. Lakini piga hesabu. Kuna bei ya kitu, kuna usafiri, kuna ushuru, halafu kuna ya wakala, na hiyo ya mwisho unalipa kwa sababu jina la nchi yako halikuwa kwenye orodha. Mtu wa Manchester halipi hiyo. Mimi natengeneza video kwa riziki. Nilipohitaji kipaza sauti, duka lililokuwa nacho lilinikataa kwa sababu ya nchi, na kupitia wakala kiliniongezea thao tatu na wiki tatu. Kwa kampuni kubwa hiyo ni chenji. Kwa mtu aliyeacha chuo na anajilipia rent, ni bundles na chakula cha mwezi.

Nani alifungua, na kwa nini

Angalia tarehe hizi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kwa miaka mingi dunia iliisifu huku ikikataa kuipokea. Netflix ilifungua Kenya Januari 2016, siku moja na nchi nyingine nyingi, jumla 130. Kabla hata mwezi uishe, ikatangaza itawabana wanaotumia VPN kuona filamu za nchi zingine. Mwaka wa 2018 PayPal ikaungana na M-Pesa. Mwaka wa 2019 AliExpress ikaanza kupokea M-Pesa. Spotify, iliyoanza Sweden mwaka wa 2008, ilifika hapa Februari 2021. Mwaka wa 2022 Safaricom na Visa wakaleta GlobalPay, kadi isiyoshikika inayokaa ndani ya simu.

Hakuna hata mara moja Kenya ilisogea karibu na Marekani. Ramani ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba malipo yetu yalianza kueleweka na wingi wetu ukaanza kuonekana. Na walioona mapema walichukua soko. Kilimall ilianzishwa hapa mwaka wa 2014 na mtu aliyetoka Huawei, huku maduka mengi ya Magharibi yakiwa bado yanaruka kutoka Kazakhstan hadi Kuwait. Leo watu wanaulizana kwa nini vijana wa Nairobi wamejaa nguo na simu kava za kutoka China. Sababu moja ni bei. Nyingine ni kwamba huko hatukuulizwa sana getini.

Niwe mkweli pia: si kila kufunga ni dharau. Sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ilipoanza Mei 2018, magazeti ya Marekani kama Los Angeles Times yaliwafungia Wazungu wa Ulaya, kwa sababu kutii sheria kulionekana ghali kuliko kuwapoteza hao wasomaji. Kwa hivyo hata tajiri hufungiwa hesabu ikikataa. Tofauti ni kwamba yeye akifungiwa ni habari, sisi tukifungiwa ni Jumanne.

Wachezaji wa gemu walionja hii Mei 2024. Helldivers 2 ilikuwa inauzwa Steam karibu kila mahali, Sony ikasema lazima mchezaji wa kompyuta aunganishe na akaunti ya PlayStation. Hizo akaunti haziandikishwi rasmi nchi nyingi, na barani Afrika kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini tu iliyo kwenye orodha. Gemu ikaondolewa sokoni kwa nchi na maeneo 177. Wachezaji wakaandika maoni mabaya zaidi ya laki mbili, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma kuhusu akaunti. Lakini huko kwingi ilikotolewa, iliendelea kukosekana dukani kwa miezi mingi. Kelele zilirekebisha shida ya waliokuwa ndani. Walio nje ya geti walibaki nje.

Sasa tugeuze kioo

Hapa ndipo hii historia inatuhusu vibaya. Shangazi yangu anafanya kazi Doha. Mwaka jana alitaka kumnunulia nyanya jiko la gesi kutoka duka moja la mtandaoni la hapa Kenya, lifikishwe Thika. Pesa alikuwa nayo. Jiko lilikuwepo. Fomu ikataka namba ya simu ya Kenya ili itume msimbo, na laini yake ya nyumbani ilikuwa imezimika zamani. Malipo yalikuwa M-Pesa pekee. Akatuma pesa kwa mtu anunue, mtu akasema bei imepanda, na stori nyingine unaijua.

Mkenya, pesa ya Kenya, duka la Kenya, mzigo wa Kenya, na bado alifungiwa kwa sababu yuko nje. Hilo duka halikumchukia. Hakuna aliyemfikiria tu.

Na si kwamba hatukujua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na duka la mtandaoni la Nairobi linaitwa Mama Mikes, lililojengwa kwa ajili ya Wakenya walio ng'ambo. Mtu analipa kwa kadi akiwa huko, mama nyumbani anapata vocha ya supamaketi, kredo ya simu, hata mbuzi. Kabla ya M-Pesa! Biashara ilianza kwa kuuliza: nani ana pesa na hawezi kuingia? Leo Wakenya walio nje wanatuma karibu dola bilioni 4.9 kwa mwaka, hiyo ni hesabu ya 2024, na maduka yetu mengi yanawaambia waweke namba inayoanza na 07.

Jirani naye tunamfungia vile vile. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, bidhaa na huduma zitembee huru. Lakini muulize msee wa Arusha ajaribu kununua kwa duka la Nairobi lenye till peke yake. Arusha iko karibu na Nairobi kuliko Mombasa ilivyo.

Ulaya waliamua hii ni siasa, si bahati mbaya. Tangu tarehe 3 Desemba 2018, muuzaji wa mtandaoni katika Umoja wa Ulaya haruhusiwi kumfungia mteja wa nchi nyingine mwanachama tovuti yake bila sababu ya kisheria. Halazimishwi kupeleka mzigo kila mahali, lakini lazima amuuzie kama anavyomuuzia mwenyeji. Mjerumani akitaka kununua kutoka Uhispania na kujipangia usafiri, geti linafunguka. Hiyo ni sheria ambayo wabunge wetu wa Afrika Mashariki wanaweza kuisoma jioni moja na kuiombea kura. Mahali pa kuanzia pako hapo.

Kwa hawa wa mbali, hatuna kura. Tuna wingi na tuna pesa inayoanza kueleweka, na historia inasema hivyo ndivyo vilivyofungua. Kwa haya mageti yetu wenyewe, hatuna kisingizio.

Kwa hivyo kama una biashara, hata ukurasa wa nguo kumi za mtumba, fanya kitu kimoja wiki hii. Mtumie linki mtu wako aliye nje, Doha au Dallas au Arusha, umwambie anunue kitu cha shilingi mia mbili. Usimsaidie. Mahali atakwama, hapo ndipo soja wako amesimama.